Macho Mawili, Picha Mbili: Jinsi Wanyama na Binadamu Wanavyopima Umbali

Mtu akitembea asubuhi katika kijiji cha Kirongwe, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, hupita mbele ya macho ya kila namna. Mbuzi aliyefungwa chini ya mnazi humwona mpitaji ajaye kwa nyuma bila kugeuza kichwa. Kuku huinamisha kichwa upande na kuichungua punje kwa jicho moja. Kinyonga kichakani hutazama mbele kwa jicho moja na nyuma kwa jicho la pili. Katika kikapu cha mvuvi huweza kuwamo gayogayo, samaki bapa ambaye macho yake yote mawili yako upande mmoja wa mwili. Na usiku komba hulia mitini, macho yake makubwa yakielekea mbele kama ya binadamu.

Wanyama wote hawa wana macho mawili. Wanachotofautiana ni mahali macho hayo yalipo kichwani, na jinsi ubongo unavyozitumia picha mbili zinazoletwa nayo. Somo hili laeleza tofauti hizo na sababu zake. Mwishoni litagusa jambo linalomhusu kila mwalimu na kila mzazi: mtoto ambaye macho yake mawili hayashirikiani.

KUONA KWINGI AU KUPIMA VIZURI

Kila jicho lina eneo lake la kuona, nalo hupimwa kwa digrii. Jicho moja la binadamu huona eneo la digrii 155 hivi kutoka upande hadi upande. Macho mawili kwa pamoja huona digrii zipatazo 190. Kwa hesabu rahisi, 155 mara mbili ni 310. Toa 190, hubaki 120. Digrii hizo 120 ndizo eneo la pamoja, yaani sehemu ya mbele inayoonwa na macho yote mawili kwa wakati mmoja. Nyuma ya mtu hubaki digrii 170 zisizoonwa kabisa.

Kwa mbuzi mambo ni kinyume. Macho yake yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo maeneo mawili ya kuona hukutana kidogo tu mbele ya pua. Kwa upande mwingine, jumla ya eneo lake huzidi digrii 300, na sehemu ndogo tu ya nyuma ndiyo isiyoonwa.

Basi kuna bei ya kulipwa. Kichwa chenye macho ya pembeni huona mahali pengi, lakini sehemu kubwa huiona kwa jicho moja. Kichwa chenye macho ya mbele huona mahali pachache, lakini hupaona mara mbili, na katika kuona mara mbili ndimo ilimo siri ya kupima umbali.

Jaribio la kwanza. Mwanafunzi anyooshe mkono na kusimamisha kidole gumba mbele ya mnazi ulio mbali. Afumbe jicho la kushoto, kisha alifumbue na kufumba la kulia. Ataona kidole kikihama kutoka upande mmoja wa mnazi hadi upande wa pili. Kidole hakikusogea, kilichobadilika ni mahali pa kutazamia. Mboni mbili za mtu mzima huachana kwa kadiri ya sentimita 6.3, na umbali huo mdogo hutosha kulipa kila jicho picha yake.

PICHA MBILI HUFANYIKAJE KUWA MOJA

Swali hili ni la zamani. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040, alilichunguza katika kitabu chake cha elimu ya kuona. Alitumia ubao uliosimamishiwa vijiti, akauweka mbele ya macho, akaonyesha kwamba mtu akikaza macho kwenye kijiti kimoja, vilivyo karibu zaidi au mbali zaidi huonekana viwili viwili. Alieleza kwamba picha mbili huungana mahali neva za macho mawili zinapokutana.

Hata hivyo, kazi ya tofauti iliyopo baina ya picha hizo haikujulikana vyema hadi mwaka 1838, Charles Wheatstone wa Uingereza alipotangaza chombo kiitwacho stereoskopu. Kilikuwa na vioo viwili vilivyopeleka mchoro mmoja kwa jicho la kushoto na mwingine, uliotofautiana nao kidogo, kwa jicho la kulia. Michoro yote miwili ilikuwa bapa, lakini mtazamaji aliona umbo lenye kina, kana kwamba lasimama mbele yake. Wheatstone alikuwa amethibitisha kwamba tofauti ya picha mbili si kasoro inayovumiliwa na ubongo. Ndiyo habari yenyewe ambayo ubongo huitumia.

Njia ya neva nayo inastahili kuangaliwa. Kwa samaki, kinyonga na ndege, takriban nyuzi zote za neva ya jicho la kulia huvuka kwenda nusu ya kushoto ya ubongo, na za kushoto huvuka kwenda kulia. Kwa binadamu huvuka kadiri ya nusu tu. Nusu nyingine hubaki upande wake. Matokeo yake ni kwamba kila nusu ya ubongo hupokea habari za upande mmoja wa mandhari kutoka macho yote mawili, na picha mbili za kitu kile kile hufika mahali pamoja ambapo zaweza kulinganishwa. Isaac Newton alikwisha kulikisia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1704, kabla ya kuwapo darubini za kulithibitisha.

HESABU YA UMBALI

Mwanafunzi wa hesabu anaweza kupima nguvu ya macho mawili kwa kalamu na karatasi. Chora pembetatu ambayo kitako chake ni sentimita 6.3 kati ya mboni mbili, na ncha yake ni kitu kinachotazamwa. Pembe iliyo kwenye ncha hupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali: kwa sentimita 30 ni digrii 12, kwa mita 3 ni digrii 1.2, kwa mita 30 ni digrii 0.12, na kwa mita 300 ni digrii 0.012.

Mtu mwenye macho mazuri sana hutambua tofauti ya pembe ndogo kama sekunde 10, na digrii moja ina sekunde 3,600. Kutokana na kipimo hiki hupatikana tofauti ndogo kabisa ya umbali inayoweza kutambuliwa kwa macho mawili peke yake:

Kitu kikiwa sentimita 30 mbali: chini ya milimita 0.1.
Kikiwa mita 3 mbali: milimita 7 hivi.
Kikiwa mita 30 mbali: sentimita 70 hivi.
Kikiwa mita 300 mbali: mita 70 hivi.

Msomaji atatambua kwamba umbali ukiongezeka mara 10, kosa huongezeka mara 100. Hivyo basi macho mawili ni chombo cha kazi za karibu. Anayeshona ukili wa mkeka, anayetunga uzi kwenye sindano, anayeishusha nazi juu ya ncha ya kifuo ili kuifua, wote hawa hutegemea sana tofauti ya picha mbili. Lakini nahodha anayekadiria umbali wa jahazi jingine baharini hapati msaada wowote wa maana kutokana nayo. Yeye hutumia alama nyingine, nazo zitaelezwa baadaye.

WANYAMA NA MACHO YAO

Mbuzi. Mboni ya jicho la mbuzi si duara. Ni mfuo uliolala. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 na wataalamu wa Marekani na Uingereza ulieleza kwamba mboni ya namna hiyo huingiza mwanga mwingi kutoka mbele, nyuma na pembeni, yaani kwenye usawa wa ardhi ambako adui hutokea. Jambo la ajabu zaidi laweza kushuhudiwa na mwanafunzi yeyote. Mbuzi anapoinamisha kichwa kula majani, macho yake huzunguka ndani ya matundu yake, jicho hili upande mmoja na lile upande wa pili, ili mfuo wa mboni ubaki sambamba na ardhi. Atazamwe mbuzi akiwa amesimama, kisha akiwa anakula, na hali ya mboni yake ichorwe daftarini mara zote mbili.

Kuku. Macho ya kuku hayagawani mandhari tu. Hugawana kazi pia. Majaribio ya Lesley Rogers wa Australia na wenzake yameonyesha kwamba kifaranga hutofautisha punje na vijiwe vizuri zaidi kwa jicho la kulia, na humtambua adui ajaye kwa juu upesi zaidi kwa jicho la kushoto. Asili ya mgawanyo huu imo ndani ya yai. Siku chache kabla ya kuanguliwa, kifaranga hulala akiwa ameelekeza jicho la kulia kwenye ganda na la kushoto kwenye mwili wake, na mwanga unaopenya ganda hulifikia jicho moja tu. Mayai yakiatamiwa gizani, mgawanyo huo wa kazi hudhoofika.

Kinyonga. Mnyama huyu huzungusha kila jicho peke yake, na huweza kuchungua pande mbili kwa wakati mmoja. Akipata mdudu, macho yote mawili huelekezwa mbele kabla ulimi haujatoka. Wengi wangedhani kwamba hapo hulinganisha picha mbili kama afanyavyo binadamu. Lakini mwaka 1977 Lindesay Harkness alitangaza majaribio ambayo vinyonga waliwekewa lenzi mbele ya macho. Walikosea umbali kwa namna iliyolingana na lenzi zile. Ilidhihirika kwamba kinyonga hupima umbali kwa kadiri jicho linavyojirekebisha ili lione vizuri, kama vile mpiga picha anavyoweza kusoma umbali kwenye lenzi ya kamera aliyokwisha kuirekebisha. Basi macho yanayotazama mbele si ushahidi wa kutosha kwamba mnyama hulinganisha picha. Inapasa kufanya jaribio.

Gayogayo. Samaki huyu huanguliwa akiwa na jicho moja kila upande kama samaki wengine. Baada ya muda jicho moja huanza kuhama, hupita utosini, na kufika kando ya lenzake. Hapo samaki hulala mchangani kwa upande usio na jicho na kutazama juu kwa macho yote mawili. Katika karne ya 19 St. George Mivart alimpinga Charles Darwin kwa hoja ya samaki hawa: jicho lililohama nusu ya njia lingekuwa na faida gani? Mwaka 2008 Matt Friedman alieleza masalia ya samaki wa Italia, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 50, ambao jicho lao moja lilikuwa limesogea kuelekea utosini bila kuuvuka. Samaki waliodhaniwa kuwa hawawezi kuwapo walikuwa wamekwisha kuwapo.

Dome. Mnyama huyu wa jamii ya ngisi na pweza ana macho pembeni, lakini huyaelekeza mbele anapowinda. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani na Uingereza walitangaza kwamba waliwavisha dome miwani ya rangi mbili na kuwaonyesha picha za kamba kwenye kioo cha sinema. Picha za macho mawili zilipopishanishwa, dome walisimama mahali ambapo kamba angekuwapo kama angekuwa kiumbe halisi, nje ya kioo au nyuma yake. Kumbe kiumbe asiye na uti wa mgongo naye hulinganisha picha mbili, ingawa ubongo wake umejengwa tofauti kabisa na wa binadamu.

Papa. Papa potwe, ambaye huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, ana macho madogo yaliyotengana kwa upana wote wa kichwa chake. Hula viumbe vidogo vinavyoelea, wala hana windo la kulilenga kama mwindaji. Papa mwenye kichwa cha mfano wa nyundo ni tofauti. Ingawa macho yake yako kwenye ncha za mbawa za kichwa, yameinama mbele kidogo. Vipimo vilivyotangazwa Marekani mwaka 2009 vilionyesha kuwa aina mojawapo ina eneo la pamoja la digrii 32, hali papa wa kawaida waliopimwa walikuwa na digrii 10 hivi tu.

Komba. Kwa muda mrefu wataalamu walieleza kwamba komba, tumbili na binadamu wana macho ya mbele kwa sababu mababu zao waliruka mitini na walihitaji kupima umbali wa matawi. Mwaka 1972 na 1974 Matt Cartmill wa Marekani aliipinga hoja hiyo kwa mfano mwepesi: kindi naye huruka mitini kwa ustadi, lakini macho yake yako pembeni. Alipendekeza kwamba macho ya mbele yalitokana na kuwinda wadudu kwa mikono usiku, kama komba afanyavyo, na akaeleza kwamba bundi na paka, ambao pia ni wawindaji, wana macho ya namna hiyo. Mjadala huu haujafungwa, nao ni mfano mzuri kwa wanafunzi wa jinsi mfano mmoja unaopinga unavyoweza kuitikisa nadharia nzima.

KUPIMA UMBALI KWA JICHO MOJA

Jaribio la pili. Mwanafunzi mmoja ashike kalamu wima. Mwenzake, akiwa amefumba jicho moja, alete kalamu yake kutoka pembeni na kujaribu kugusisha ncha kwa ncha kwa mwendo mmoja. Afanye mara 10, kisha arudie mara 10 kwa macho yote mawili. Idadi ya makosa iandikwe ubaoni kwa darasa zima na wastani utafutwe.

Hata hivyo, mtu mwenye jicho moja hatembei akigonga miti. Ubongo una alama nyingine za umbali. Kitu kilicho karibu hukifunika kilicho mbali. Jahazi linalojulikana ukubwa wake likionekana dogo, liko mbali. Pwani ya mbali huonekana hafifu na yenye rangi ya samawati. Na mtu anaposogea, vitu vya karibu hupita upesi kuliko vya mbali. Hizi ndizo alama za nahodha, na ndizo zinazomwezesha fundi aliyepoteza jicho kuzoea kazi yake tena baada ya muda.

MTOTO MWENYE MAKENGEZA

Uwezo wa kulinganisha picha mbili haukamiliki siku ya kuzaliwa. Kwa kawaida huanza kuonekana mtoto anapofikia umri wa miezi 3 hadi 5, nao hujengeka kwa matumizi. Macho ya mtoto yakielekea pande tofauti, yaani akiwa na makengeza, ubongo hupokea picha mbili zisizopatana. Ili kuepuka kuona vitu viwili viwili, huanza kuipuuza picha ya jicho moja. Jicho hilo laweza kuwa zima kabisa kwa umbo, lakini likapoteza uwezo wa kuona vizuri kwa sababu ubongo umeacha kulisikiliza. Hali kama hiyo yaweza kutokea hata bila makengeza, jicho moja likihitaji miwani na lingine lisihitaji.

David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha jambo hili kuanzia mwaka 1963 kwa kuchunguza watoto wa paka: jicho lililofungwa katika wiki za mwanzo za maisha lilipoteza nafasi yake katika ubongo, lakini jicho la paka mzima lililofungwa kwa muda kama huo halikupata madhara hayo. Kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Fundisho lake kwa binadamu ni kwamba wakati ndio dawa ya kwanza. Mtoto akitibiwa mapema, hasa kabla ya miaka 7 au 8, kwa miwani, kwa kulifunika jicho zima ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, au kwa upasuaji inapobidi, mara nyingi hupona vizuri. Akichelewa, matumaini hupungua ingawa hayaishi yote: Susan Barry, mwanabiolojia wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, alianza kuona kina akiwa na umri wa miaka 48, baada ya mazoezi marefu.

Ndiyo maana yasifaa makengeza ya mtoto yachekwe, wala yasifaa kusemwa kwamba yatajiondokea yenyewe akikua. Macho ya mtoto mchanga huweza kupishana mara moja moja katika miezi ya mwanzo, lakini yakiendelea baada ya mwezi wa 4, mtoto apelekwe akapimwe. Mwalimu naye anaweza kufanya uchunguzi mwepesi. Amulike tochi ndogo mbele ya uso wa mtoto, umbali wa hatua moja: kijimweko cha mwanga kinapaswa kuonekana mahali pale pale katika mboni zote mbili. Kisha alifunike jicho moja moja kwa kiganja na kumwonyesha mtoto picha au herufi. Mtoto anayekataa kufunikwa jicho la kulia, lakini haoni shida likifunikwa la kushoto, huenda analitegemea la kulia peke yake. Na ikiwa ndani ya mboni huonekana weupe badala ya weusi, asingojwe hata wiki moja, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho au ya saratani ya jicho.

Kutoka Kirongwe safari huanzia hospitali ya wilaya iliyoko Kilindoni, na ikilazimu huendelea hadi Dar es Salaam kwa mabingwa wa macho, Muhimbili au CCBRT. Safari hiyo ina gharama, na wazazi wengi huiahirisha kwa kuwa mtoto haumwi wala halalamiki. Hawezi kulalamika, kwa sababu hajui kwamba wengine huona kwa namna nyingine. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye mara nyingi mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kutambua, na barua yake fupi kwa mzazi yaweza kuliokoa jicho zima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mnyama ana jicho linaloona digrii 170, na macho mawili kwa pamoja huona digrii 310. Eneo lake la pamoja ni digrii ngapi? Je, yaelekea kuwa mwindaji au mwindwaji? Toa sababu.

2. Kama mboni za binadamu zingetengana kwa sentimita 63 badala ya 6.3, tofauti ndogo kabisa ya umbali inayotambulika kwa mita 30 ingekuwa kiasi gani?

3. Kwa nini majaribio ya lenzi juu ya kinyonga yalikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko kumtazama tu akiwinda?

4. Orodhesha wanyama 10 wa mazingira ya shule yako, chora mahali macho yao yalipo, na ueleze kila mmoja hula nini na huliwa na nani. Ni yupi asiyefuata kanuni uliyoitarajia?